Namna ya Kumfundisha Askari Kuendesha Mashine ya Kutegua Mabomu ya Ardhini kwa Rimoti

Mashine ya kutegua mabomu ya ardhini inayoendeshwa kwa rimoti imemwondoa dereva katika kiti kilichokuwa hatari kuliko vyote katika uhandisi wa medani. Oktoba 1942, huko El Alamein nchini Misri, Waingereza waliingiza katika maeneo yaliyotegwa vifaru vya Matilda vilivyofungwa mbele mhimili wenye minyororo ya kuchapa ardhi, na ndani ya vifaru hivyo walikaa askari waliovuta vumbi na kutikiswa na kila bomu lililolipuka. Leo mashine kama MV-4 ya Croatia, ambayo jeshi la nchi kavu la Marekani linaitumia kwa jina la M160, au Bozena ya Slovakia, au Digger ya Uswisi, hufanya kazi hiyohiyo huku mwendeshaji akiwa amesimama mbali, nyuma ya ngao.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya afisa au mkufunzi wa uhandisi wa medani anayeandaa kozi ya kwanza ya mashine hizo katika kikosi chake. Kushika rimoti ni sehemu ndogo ya kozi, na askari mwenye mikono myepesi huielewa mapema. Muda mwingi utumike kumfundisha kuisoma ardhi kabla mashine haijaingia, inapofanya kazi, na baada ya kupita, kwa sababu anayelipia kosa la mwendeshaji kwa kawaida si mwendeshaji mwenyewe, bali ni mteguaji anayemfuata kwa miguu, au mama atakayelima shamba hilo msimu ujao.

Kazi inayofundishwa ni ipi hasa

Siku ya kwanza, kabla mwanafunzi hajaisogelea mashine, mkufunzi aeleze tofauti kati ya kufungua njia vitani na kusafisha ardhi ili watu warudi kuishi. Vitani kamanda anataka kikosi kivuke upesi, na hukubali kwamba baadhi ya mabomu yatabaki njiani kwa sababu kukaa mahali pamoja chini ya risasi kunaweza kuua wengi zaidi. Katika kusafisha ardhi hakuna hesabu ya namna hiyo: kila bomu lililo ndani ya eneo lililopimwa, mpaka kina kilichokubaliwa, lazima liondolewe au liharibiwe. Kwa miaka mingi kina kilichozoeleka katika viwango vya kimataifa, pale ambapo hapakutajwa kingine, kimekuwa sentimita 13 kutoka uso wa ardhi.

Mashine ni ileile katika kazi zote mbili, na hapo ndipo penye hatari, kwani askari aliyezoeshwa mwendo wa vitani huupeleka mwendo huo shambani bila kujua. Kwa hiyo kila zoezi la kozi litangazwe mapema kwamba ni la aina ipi, na alama zake zitolewe kwa kipimo cha aina hiyo peke yake.

Kuna swali ambalo wanafunzi wa kijeshi huuliza karibu kila mara, nalo linahusu mabomu ambayo yenyewe hulipuliwa kwa rimoti na askari anayemwona adui. Mkufunzi alijibu kwa usahihi. Mkataba wa Ottawa, uliotiwa saini Desemba 1997 na kuanza kutumika tarehe 1 Machi 1999, unapiga marufuku bomu lililoundwa ili lilipuke kwa sababu ya mtu kuwapo, kulikaribia au kuligusa. Silaha ambayo hailipuki mpaka askari atoe amri haimo katika maana hiyo. Hata hivyo, silaha hiyo ikiachwa uwanjani hubaki kuwa kilipukaji, na mteguaji huishughulikia kwa tahadhari ileile anayoitumia kwa kila kilipukaji kingine. Jibu hilo linatosha, na darasa liendelee.

Kuchagua wanafunzi

Kishawishi kikubwa ni kuwapeleka kozini vijana waliozoea michezo ya kompyuta, au madereva wa magreda, kwa imani kwamba wana kipaji cha mashine. Ninashauri kinyume chake. Apelekwe kwanza askari aliyekwisha kutegua kwa mkono, aliyepiga magoti katika njia ya upana wa mita moja akiwa na kigunduzi cha chuma na kijiti cha kudodosea udongo, kwa sababu mtu huyo anajua nyasi zilizolala vibaya zina maana gani na anaelewa ni kitu gani atakachomwachia mwenzake atakapopitisha mashine. Kumfundisha mteguaji kuendesha rimoti ni kazi nyepesi, ilhali kumpa dereva jicho la mteguaji ni kazi ya miezi. Pale ambapo kikosi hakina wateguaji wa kutosha, kozi itanguliwe na mafunzo kamili ya kutegua kwa mkono. Katika kanda yetu hayo si mageni: kituo cha kimataifa cha mafunzo ya kutegua mabomu kilianzishwa Embakasi, Nairobi, mwaka 2005 kwa ushirikiano wa Kenya na Uingereza, na kimewafundisha askari wa nchi nyingi za Afrika.

Kuyajua mabomu kwa jicho la mashine

Somo la mabomu katika kozi hii lisiwe marudio ya somo la mteguaji wa kawaida. Swali la kila aina ya bomu liwe hili: minyororo ikilipiga, kitatokea nini? PMN ya Kisovieti, yenye gramu 240 za kilipukaji cha TNT chini ya kifuniko cha mpira, ikipigwa vizuri hulipuka na mashine ikaendelea na kazi. Type 72 ya Kichina ina kilipukaji kidogo sana, gramu 50 hivi, na chuma chake ni haba mno, kwa hiyo mteguaji atakayefuata hatalipata kwa urahisi ikiwa mashine imelirukisha pembeni. PROM-1 ya Yugoslavia huruka juu kwanza, kisha hulipuka na kutawanya vipande vya chuma pande zote, na bomu la namna hii ndilo linaloamua mwendeshaji akae umbali gani na nyuma ya ngao ya aina gani. Bomu la kuharibu vifaru kama TM-62M lina zaidi ya kilo 7 za kilipukaji. Mashine nyepesi iliyoundwa kwa mabomu ya kuua watu inaweza kuvunjwa mhimili na bomu moja tu la aina hiyo. Taarifa za upelelezi zikionyesha kwamba mabomu hayo yapo, mashine nyepesi haiingii.

Hapo mkufunzi akae kwa muda mrefu zaidi katika jambo ambalo vitabu vya watengenezaji hulipita haraka: si kila bomu lililopigwa hulipuka. Mengine husagwa, ganda likapasuka, kilipukaji kikatawanyika kama mabonge ya sabuni katika udongo, na kiwashio kikabaki kizima. Mengine hurushwa mbele au pembeni, hata kuangukia ardhi iliyokwisha kusafishwa. Kwa hiyo wanafunzi waonyeshwe vipande halisi vilivyokwisha kuondolewa kilipukaji: nusu ya ganda la PMN, mpira uliochanika, kiwashio kilichopinda. Waviinue, wavigeuze, kisha vichanganywe na udongo na mizizi katika sinia na wavitafute kwa macho. Askari aliyeviona vitu hivyo mezani atavitambua uwanjani, na hatadanganyika kwamba ukimya wa mashine una maana ya usalama.

Rimoti, kitufe chekundu na kukatika kwa mawimbi

Mazoezi ya kwanza ya kuendesha yafanyike katika uwanja usio na kitu chochote, mhimili ukiwa umezimwa. Kabla ya kuwasha injini, mwanafunzi aizunguke mashine akitaja kwa sauti anachokikagua: minyororo yote ipo, nyundo zilizo kwenye ncha za minyororo hazijapungua wala kupasuka, mabomba ya haidroliki hayavuji, mikanda ya magurudumu imekazwa, betri ya rimoti na ya akiba zimejaa, antena haijalegea. Nyundo moja iliyokosekana huacha mstari mwembamba ambao haukuchapwa, na mstari huo hurudiwa urefu wote wa njia. Kwa upana wake, bomu dogo linaweza kukaa humo kwa raha.

Kisha kije kitufe chekundu cha dharura, na hapa mkufunzi asiwe na huruma. Kila mwanafunzi akisimamishe kifaa mara nyingi kwa ishara ya ghafla ya mkufunzi, akiwa anakwenda mbele, akiwa anageuka, akiwa anazungumza na msaidizi wake, mpaka kidole kiende chenyewe bila macho kushuka kwenye rimoti. Baada ya hapo mawimbi yakatwe kwa makusudi, kwa kuzima rimoti au kumpeleka mwendeshaji nyuma ya kilima. Mashine iliyoundwa vizuri hujisimamisha yenyewe inapopoteza mawasiliano, lakini mwanafunzi lazima aone kwa macho yake mashine yake inasimama baada ya muda gani na imesogea umbali gani kabla ya kusimama, na aandike vipimo hivyo. Mashine isiyosimama katika jaribio hili haiendi uwanjani, hata kama kamanda ana haraka.

Uwanja wa mazoezi

Ardhi ya mazoezi isiwe uwanja wa mpira. Itafutwe yenye mchanga, yenye changarawe, na yenye udongo mzito wenye mizizi, kwa sababu minyororo hufanya kazi tofauti katika kila moja. Katika mchanga mkavu hushuka kwa urahisi lakini vumbi huficha kila kitu. Katika changarawe nyundo hudunda na kina hupungua. Katika udongo wa mfinyanzi uliolowa matope huganda kwenye nyundo mpaka mhimili unakuwa kama tofali linaloviringika, na hapo mwendeshaji anapaswa kusimama na kuahirisha kazi badala ya kuongeza kasi ya injini.

Njia bora ninayoijua ya kumfanya mwanafunzi aamini kina chake ni mbao nyembamba za faiba. Mbao hizo huzikwa wima, kwa kukatiza njia ambayo mashine itapita, ukingo wa juu ukiwa sawa na uso wa ardhi. Mashine ikishapita, zinafukuliwa na kupimwa: sehemu iliyokatwa na nyundo inaonyesha waziwazi kina halisi, na meno yaliyobaki kati ya pigo na pigo yanaonyesha mahali ambapo ardhi haikuguswa. Kipimo hiki ndicho kilichomo pia katika makubaliano ya Ulaya ya mwaka 2004 ya kupima mashine za kutegua mabomu. Mwanafunzi apite mara ya kwanza kwa mwendo anaoupenda mwenyewe, kisha arudie katika ardhi mpya kwa mwendo wa polepole kabisa, halafu mbao za safari zote mbili zilazwe pamoja juu ya turubai. Aliyeona ubao wa kwanza wenye meno marefu kama ya msumeno na wa pili uliokatwa sawasawa hahitaji tena kuhubiriwa kuhusu kasi, na kwa kawaida atakuwa mkali kwa wenzake kuliko mkufunzi.

Baada ya kina, ufundishwe mpangilio wa njia. Kila njia ipandie kidogo juu ya ile iliyotangulia, kwa kiasi kilichowekwa na taratibu za kazi, kwa sababu mashine ikiyumba kidogo upande mmoja huacha ukanda ambao haukuchapwa, na vumbi likitua ukanda huo hauonekani tena. Penye mteremko, kupanda na kushuka ni bora kuliko kuukata kwa ubavu, ambako mashine huteleza na upande mmoja wa mhimili hunyanyuka. Kona ndizo mahali pa makosa mengi zaidi: mwendeshaji aliyechoka hugeuza mashine mhimili ukiwa juu kidogo, na mahali hapo hubaki kipande cha ardhi cha pembetatu ambacho hakikuguswa. Wanafunzi wafundishwe kugeuzia katika ardhi iliyokwisha kusafishwa peke yake, na mkufunzi apige alama za rangi kwenye kila kona ili baadaye ikaguliwe kwa mkono.

Upepo nao uangaliwe kila asubuhi na tena mchana. Mwendeshaji asimame mahali ambapo vumbi linakwenda mbali naye, na upepo ukigeuka, kazi isimame mpaka ahamie mahali pengine palipothibitishwa kuwa salama. Kamera husaidia, hasa mashine inapokuwa mbali au nyuma ya vichaka, lakini picha ya kamera huondoa hisia ya mteremko na ya ukubwa wa shimo. Kwa sababu hiyo kila mwanafunzi apewe msaidizi mwenye darubini, asiyeshika rimoti, ambaye kazi yake ni kutazama ardhi na kuhesabu milipuko. Milipuko hiyo iandikwe palepale kwa saa na mahali ilipotokea, kwa kuwa idadi yake italinganishwa baadaye na kilichokutwa katika udongo.

Mashine inapokwama ndani

Siku moja mashine itakwama katikati ya eneo lililotegwa: bomba la haidroliki litapasuka, waya wa uzio utajizungusha kwenye mhimili, au bomu litavunja gurudumu. Kila ajali ninayoiogopa katika kazi hii huanzia hapo, katika dakika zile ambazo askari anaiona mashine ya bei kubwa iko karibu kabisa, anaziona alama za magurudumu nyuma yake, na anajishawishi kwamba pale mashine ilipopita yeye naye anaweza kupita. Alama za magurudumu si njia salama. Mashine imepindua udongo, huenda imerusha bomu na kuliangusha juu ya alama hizo, na huenda ilipita juu ya bomu lisilolipuka kwa pigo la kwanza.

Zoezi la kuiokoa mashine kwa hiyo lifanywe mara nyingi kuliko zoezi lolote isipokuwa lile la kitufe cha dharura. Hatua zake zisibadilike: mhimili na injini vizimwe, kila mtu abaki alipo, kiongozi wa timu atoe taarifa kwa redio, kisha dakika zilizowekwa na taratibu zisubiriwe. Baada ya hapo wateguaji wa mkono, wakiwa na fulana za kinga na ngao za uso, wafungue njia kamili kutoka eneo salama mpaka kwenye mashine, na waizunguke kwa nafasi ya kutosha mafundi kufanya kazi. Ikiwa mashine ina kamba ya chuma iliyofungwa nyuma kabla ya kuingia, inaweza kuvutwa kutoka mbali, na hiyo ndiyo sababu kamba hufungwa asubuhi, si baada ya kukwama. Katika zoezi, mkufunzi awaachie wanafunzi saa nzima ya jua kali na amtume mtu mwenye cheo aje kuwahimiza waharakishe. Kiongozi wa timu atakayekubali kuharakishwa arudie kozi.

Sambamba na hilo, kila siku ya mazoezi ianze kwa jaribio la kumhamisha majeruhi: gari la wagonjwa lipo, dereva wake anajua njia, mhudumu wa tiba ana vifaa vya kuzuia damu, na redio imejaribiwa. Kimoja kikikosekana, injini haiwashwi.

Wanaokuja nyuma ya mashine

Mashine peke yake haikabidhi ardhi kwa wananchi. Msumbiji, iliyotangazwa kuwa huru na mabomu ya ardhini yaliyojulikana tarehe 17 Septemba 2015, ilifika hapo kwa watu wenye vigunduzi, mashine, na panya waliofundishwa kunusa vilipukaji huko Morogoro, Tanzania, na shirika la APOPO, kila mmoja mahali pake. Kwa hiyo mwendeshaji afundishwe mahitaji ya wanaomfuata. Nyundo na minyororo inayokatika huacha vipande vya chuma, na kila kipande humlazimu mwenye kigunduzi kupiga magoti na kuchimba bure. Vipande hivyo vihesabiwe mwisho wa kila njia na vitafutwe. Kilipukaji kilichosagwa hutawanya harufu yake, na panya au mbwa akiletwa mapema mno ataonyesha ishara kila mahali, kwa hiyo ardhi iachwe itulie kwa muda uliowekwa na wenye wanyama. Kwa upande mwingine, mashine iliyokata vichaka na kuharibu nyaya za mitego humpunguzia mteguaji sehemu ngumu kabisa ya kazi yake.

Ninapendekeza kila mwanafunzi, baada ya kumaliza njia zake, apewe kigunduzi na aambiwe aikague ardhi aliyoichapa mwenyewe kwa magoti, chini ya usimamizi, katika uwanja uliozikwa mabomu ya mazoezi yasiyo na kilipukaji. Yale aliyoyakosa atayachimbua kwa mkono wake.

Mtihani na kumbukumbu

Mtihani wa mwisho ufanyike katika ardhi ambayo wanafunzi hawajaiona, yenye mabomu ya mazoezi yaliyozikwa katika vina mbalimbali na mpango wake ukiwa mkononi mwa mkufunzi mmoja tu. Alama zitolewe kwa mabomu yaliyopigwa, kwa kona zilizoachwa, kwa vipande vilivyokusanywa, na kwa maamuzi ya kusimamisha kazi. Muda uliotumika usipewe alama kabisa katika mtihani wa kusafisha ardhi.

Nchi wanachama wa Mkataba wa Ottawa zinaruhusiwa na Kifungu cha 3 kubakiza idadi ndogo kabisa inayohitajika ya mabomu halisi kwa ajili ya mafunzo ya kuyatambua, kuyategua na kuyaharibu, na zinatakiwa kuyataja katika taarifa zao za kila mwaka chini ya Kifungu cha 7. Kikosi kinachoomba mabomu halisi kwa ajili ya kozi kiandike sababu, idadi na tarehe, na kila bomu lililotumika liandikwe kwa sahihi za watu wawili. Kwa sehemu kubwa ya kozi hayahitajiki.

Cheti kitaje mfano wa mashine aliyofundishiwa mwanafunzi na aina za ardhi alizofanyia kazi. Akihamishiwa mashine ya mfano mwingine, au akikaa muda mrefu bila kushika rimoti, arudie majaribio ya mbao za faiba, kukatika kwa mawimbi na kuokoa mashine kabla ya kuingia tena katika eneo lililotegwa, na mbao zake mpya zipigwe picha na kuwekwa katika jalada lake pamoja na zile za kwanza.